Malaika wa Mwilini

Lugha yetu imezipa nywele laini zinazoota mikononi na mashavuni jina zuri sana. Zinaitwa malaika. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Ufipa inapotukamata njiani kwenda shambani, hizo ndizo zinazosimama. Lakini nywele nyingine za mwili huohuo, zile zinazoota mtu anapotoka utotoni, jina lake hatuwezi kuliandika katika kitabu hiki, kwa sababu watu wameligeuza kuwa tusi. Mungu aliyeumba za kwanza ndiye aliyeumba za pili. Ni sisi wanadamu tuliozigawa, hizi tukazipa jina la wajumbe wa mbinguni, na zile tukazitupa kwenye matusi.

Tunaandika haya tukiwa kina mama wa Mpui. Wengine wetu tuna waume, wengine ni wajane, na kati yetu wamo waliofanya kazi ya ukunga na wanaoitwa kuosha maiti za wanawake unapotokea msiba. Katika mikutano ya jumuiya zetu ndogo ndogo tunazungumza juu ya ada za shule, bei ya mbolea, ulevi na ugonjwa. Jambo la wembe na mwili husubiri sala ya kufunga, ndipo huzungumzwa wawili wawili kwa sauti ya chini. Hapo tumesikia habari ya mama aliyeahirisha mara tatu kwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu hakuwa amenyoa. Tumesikia habari ya mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku, na badala ya kuondoka mara moja akaanza kutafuta wembe kwa mwanga wa simu. Tumesikia habari ya mke aliyeambiwa na mumewe kwamba mwili wake unamtia kinyaa, na tangu siku hiyo huvua nguo gizani tu.

Mtu anaweza kutuuliza kama mambo haya yanastahili kuwekwa katika kitabu cha imani. Tunajibu kwamba yanastahili, kwa kuwa mwanamke anayeona aibu kwa mwili wake kiasi cha kuuweka hatarini, amebeba mzigo wa roho. Tena ni mzigo ambao mara nyingi sisi wenyewe tumemsaidia kuubeba, kwa kicheko na kwa mafundisho yasiyopimwa. Basi swali letu ni hili: mwanamke Mkristo auonaje mwili wake katika jambo hili la kunyoa, na nani mwenye haki ya kumwamulia?

Majibu mawili husikika sana, na yote mawili husemwa kwa jina la Mungu.

Jibu la kwanza husema kwamba nywele za mwilini ni uchafu, na kwa kuwa Mungu anapenda usafi, mwanamke asiyenyoa ni mchafu mbele za Mungu na mbele ya mumewe. Tuliangalie jibu hili kwa utulivu. Jasho linapotoka halina harufu kubwa. Harufu hutokea pale vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi vinapolivunjavunja jasho hilo. Nywele zinaweza kushika jasho, kwa hiyo huhitaji kuoshwa kama sehemu nyingine za mwili, lakini hazizai uchafu. Zile za sehemu za siri zina kazi yake pia, maana hupunguza msuguano wa ngozi kwa ngozi na wa ngozi kwa nguo. Maji na sabuni vinatosha kumfanya mwanamke awe safi, awe amenyoa au hajanyoa.

Tena wembe una madhara yake. Hukata ngozi mahali padogo pasipoonekana, huleta vipele, na nywele nyingine hujipinda zikarudi ndani ya ngozi na kufanya majipu. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 uliona kwamba takribani mtu mmoja kati ya wanne wanaonyoa sehemu za siri alikuwa amewahi kuumia kwa kufanya hivyo. Wembe mmoja ukitumiwa na watu wawili unaweza kupitisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Mtu akisema kwamba kunyoa ndiyo afya yenyewe, hasemi kweli yote.

Maandiko Matakatifu nayo hayamuungi mkono. Katika Kitabu cha Hesabu, Walawi waliamriwa kunyoa mwili mzima siku walipotakaswa kwa ajili ya huduma. Katika Kitabu cha Walawi, aliyepona ukoma alinyoa nywele zake zote kabla ya kurudishwa kati ya watu. Lakini katika kitabu kilekile cha Hesabu, Mnadhiri aliyejiweka wakfu kwa Bwana alikatazwa wembe kupita kichwani pake, na utakatifu wake ulionekana kwa nywele alizoziacha zikue. Wembe ulikuwa alama ya utakaso kwa mmoja, na kuuacha wembe kulikuwa alama ya wakfu kwa mwingine. Nywele zenyewe hazikuwa najisi wala takatifu.

Jibu la pili hugeuka upande wa pili kabisa. Husema kwamba mwanamke anayenyoa anamsahihisha Muumba, na kwamba anayejali mambo hayo ana tabia za mjini na nia mbaya moyoni. Jibu hili linaonekana kuutetea uumbaji wa Mungu, lakini tukilishika kwa uaminifu itatubidi tuache kukata kucha, kusuka nywele na kutoga masikio. Na waume zetu? Hatujasikia mwanamume akikemewa kwa kunyoa kidevu Jumapili asubuhi kabla ya kuja kanisani. Kama wembe si dhambi kwenye kidevu cha baba, hauwi dhambi kwenye kwapa la mama. Mungu alimpa mwanadamu mwili autunze, na kuutunza ni pamoja na kuupamba.

Kwa hiyo majibu yote mawili yana kosa moja. Yanatafuta wema na ubaya kwenye nywele, na kumbe inatupasa kuutafuta moyoni, katika sababu inayomsukuma mwanamke kuushika wembe au kuuacha.

Sababu hizo si za aina moja. Ndugu zetu Waislamu hufundishwa kuondoa nywele za kwapa na za sehemu za siri zisipite siku 40. Fundisho hilo linawahusu wanaume na wanawake sawasawa, na wanalitimiza kama sehemu ya tohara ya mwili. Hakuna ndani yake neno la kumwambia mwanamke kwamba yeye peke yake ana kasoro. Wanawake wa nchi za Kiarabu wamekuwa wakichemsha sukari na limau na kutumia mchanganyiko huo kung'olea nywele. Bibi zetu wa Kiafrika walijua kazi ya majivu, maana vidole vikishika majivu haviteleza wakati wa kunyonyoa. Mtu asituambie basi kwamba jambo hili lote ni la kigeni. Desturi ya kuondoa nywele ni ya zamani, na katika desturi hiyo mara nyingi wanawake walikuwa wakihudumiana kwa mikono yao.

Lakini ipo aibu nyingine ambayo ina tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1915 kampuni ya Gillette ya Marekani ilianza kuuza wembe uliotengenezwa mahsusi kwa wanawake. Kabla ya wakati huo wanawake wengi wa huko walivaa nguo za mikono mirefu, na kwapa la mwanamke halikuwa habari ya mtu. Nguo zilipofupishwa mikono, matangazo ya magazeti yakaanza kuwaeleza wanawake kwamba wana nywele zisizofaa kuonekana, na dawa yake inauzwa dukani. Miaka 100 baadaye, utafiti wa mwaka 2016 uliowahoji wanawake zaidi ya 3,300 nchini humo ulikuta kwamba takribani 84 kati ya kila 100 walikuwa wamewahi kunyoa au kupunguza nywele za sehemu za siri, na zaidi ya nusu ya hao walisema wanafanya hivyo kwa ajili ya usafi. Hivyo ndivyo jambo lililokuwa bidhaa lilivyogeuka kuwa dhamiri.

Kwetu nako hali inafika. Barabara ya lami ya kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga inapita hapa Mpui, na pamoja na mbolea na saruji imetuletea krimu za kuondolea nywele, ambazo huwaunguza wenye ngozi laini, na simu zenye picha za wanawake wasio na unywele hata mmoja. Kijana anayetazama picha hizo kila usiku huanza kuamini kwamba ndivyo mwanamke alivyoumbwa. Akioa, humpima mke wake kwa kipimo hicho. Na mabinti zetu wanatusikia tunapocheka miguu ya mwenzetu yenye vinyweleo, au mama mzee aliyeota ndevu kidevuni, ingawa nywele hizo mara nyingi huletwa na mabadiliko ya homoni, na zikimtokea mwanamke ghafla, tena hedhi yake ikiwa imevurugika, anahitaji kwenda kumwona daktari. Sisi humpa kicheko.

Hapa tunafikia pingamizi ambalo tunaliheshimu, kwa sababu hutolewa na wazee wetu. Husema: mkiwaondolea wanawake aibu, mtakuwa mmewaondolea ulinzi. Mwanamke asiyeona aibu atazuiwa na nini?

Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa kina maneno mawili. Kuna haya, na kuna aibu. Haya humfanya mtu afunge mlango anapooga, achague maneno mbele ya wakwe, na asiuanike mwili wake kwa kila macho. Mwenye haya huficha kitu kwa sababu kina thamani. Aibu, kwa maana tunayoisema hapa, humfanya mtu afiche kitu kwa sababu anaamini ni kibaya. Kwa nje matendo haya mawili yanafanana sana, maana wote wawili wamefunika. Utawatambua siku ya haja. Mwenye haya, daktari akihitaji kumtazama, atakubali, ingawa kwa shida, kwa sababu anajua mwili wake ni mwema na unahitaji msaada. Mwenye aibu atabaki nyumbani na ugonjwa wake. Wazee wanataka tuhifadhi haya, nasi tunakubaliana nao. Ila aibu hailindi kitu.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho neno ambalo tunadhani halijasomwa vya kutosha katika jambo hili. Alisema kwamba viungo vya mwili tunavyoviona kuwa havina heshima, hivyo ndivyo tunavyovivika heshima zaidi, na kwamba kichwa hakiwezi kuiambia miguu kuwa hakina haja nayo. Alikuwa akisema juu ya Kanisa, lakini alichukua mfano wake kwenye mwili wa kweli, akitegemea kwamba kila msomaji anajua namna tunavyovitunza viungo vya siri. Anasema kuvifunika ni kuvipa heshima.

Wazee wa Ufipa nao walifikiri kwa mfano wa mwili. Mwaka 1967 mtafiti Mwingereza Roy Willis, aliyekuwa amekaa miongoni mwa Wafipa, alichapisha makala juu ya namna walivyoueleza ukoo kwa kutumia kichwa na kiuno. Kichwa kilikuwa upande wa mamlaka na akili, wa wazee na wa wanaume. Kiuno kilikuwa upande wa uzazi, wa vijana na wa wanawake. Hatuuleti mgawanyo huo ili tuufuate, maana akili Mungu amewapa wanawake pia, na wanaume nao wana viuno. Tunauleta kwa sababu unatukumbusha kwamba hata waliokiweka kichwa juu walijua kuwa ukoo hauwezi kuishi bila kiuno. Kudharau sehemu ambayo sote tumepitia kuja duniani ni kudharau mlango wa nyumba yako mwenyewe.

Papa Yohane Paulo II alitumia katekesi 129, kuanzia mwaka 1979 hadi 1984, kutafakari juu ya mwili na ndoa. Alirudi mara nyingi kwenye ukurasa wa Mwanzo ambapo mwanamume na mwanamke walikuwa uchi na hawakuona haya. Alieleza kwamba walitazamana kama watu waliopewa kama zawadi, kila mmoja kwa mwenzake, na kwamba dhambi ilipoingia, jicho likaanza kumwona mwenzake kama kitu cha kutumia. Mume anayemwambia mkewe kwamba anamtia kinyaa amefanya hilo hasa. Amemtazama kama bidhaa iliyokuja na kasoro kutoka dukani.

Hatusemi kwamba mume hana neno katika jambo hili. Paulo anafundisha kwamba mwili wa mke ni wa mume, na katika sentensi hiyohiyo anafundisha kwamba mwili wa mume ni wa mke. Wanandoa wanaweza kuambiana wanachopenda. Mke anaweza kunyoa ili kumpendeza mumewe, na hiyo ni zawadi njema, kama vile mume anavyoweza kuoga vizuri na kuacha pombe ili kumpendeza mkewe. Lakini zawadi ina alama moja, nayo ni kwamba mtu anaweza asiitoe na bado akapendwa. Pale ambapo mke asiponyoa hunyimwa tendo la ndoa, au hutukanwa, au hulinganishwa na wanawake wa kwenye simu, hapo anatozwa ushuru. Na inafaa kumwuliza mume anayeudai kama yeye pia amewahi kujitoza.

Tunarudi kwenye hospitali, kwa sababu hapo gharama ya aibu huhesabiwa kwa uhai. Kuhusu kujifungua, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, halipendekezi mama anyolewe kama desturi kabla ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Mama aliyeshikwa na uchungu hana deni la wembe kwa mtu yeyote. Kazi yake ni kufika mapema.

Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, huo ndio ugonjwa wa saratani unaoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mara nyingi huanza kwa mabadiliko madogo ambayo huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani kamili, na katika miaka hiyo yanaweza kuonekana na kutibiwa. Mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, akasubiri kidogo, akaangalia kama panageuka rangi kuwa peupe. Ni kipimo cha dakika chache. Tangu mwaka 2018 mabinti wa nchi yetu wanapata chanjo ya kuzuia virusi vinavyosababisha saratani hiyo, lakini mama zao hawakuipata, kwa hiyo kinga yao kubwa ni kupimwa. Mhudumu anatafuta doa, hatafuti unywele. Wahenga walisema mficha uchi hazai, wakimaanisha kwamba anayehitaji msaada hana budi kujifunua kwa mwenye kusaidia. Leo tunaweza kuongeza kwamba mficha uchi hapimwi, na asiyepimwa anaweza kuwaacha watoto wake bila mama.

Tunajua kwamba si kila mhudumu ni mpole. Wapo kina mama waliochekwa wakiwa wamelala juu ya kitanda, na hatuwezi kumwahidi mtu yeyote kwamba halitampata. Maneno yetu hayataiondoa aibu iliyokaa miaka mingi. Lakini yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tunaweza kusindikizana kwenda kupimwa, wawili au watatu, kama tunavyosindikizana msibani. Tunaweza kuomba mafundisho ya ndoa yaseme wazi juu ya mwili, na wavulana wayasikie pamoja na wasichana. Tunaweza kuacha kuazimana wembe. Tunaweza kuzuia midomo yetu, maana cheko nyingi zinazowaumiza wanawake hutoka kwa wanawake wenzao. Na anayependa kunyoa, anyoe kwa wembe wake mwenyewe, kwa amani, bila kumhukumu asiyenyoa. Asiyenyoa naye asijione mtakatifu zaidi.

Iko methali isemayo kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wale kati yetu wanaofanya kazi hiyo wameosha miili ya wanawake wa kila namna, walionyoa na wasionyoa, wenye makovu ya upasuaji, wenye matumbo yaliyolegea kwa kuzaa watoto tisa. Wanatoka chumbani, wanaosha mikono, na hakuna neno linalotoka pamoja nao. Hawajafundishwa na kitabu. Wanajua tu kwamba mwili uliolala pale umebeba mtu ambaye Mungu alimpenda, na kwamba unastahili maji ya uvuguvugu, kitambaa safi na ukimya. Heshima hiyo tunawapa wafu wetu bila kuuliza swali lolote. Kina mama walio hai wanaihitaji zaidi, kwa kuwa wao bado wana miili ya kuishi ndani yake.